Je, wajua kwa nini uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi?

Mwanamke akigusa uvimbe kwenye titi, swali la kwanza huwa: unauma? Akiona hauumi, wengi hushusha pumzi na kuendelea na shughuli. Hapo ndipo hatari ilipo, maana uvimbe wa saratani, hasa mwanzoni, kwa kawaida hauna maumivu.

Titi huuma pale neva zake zinapobanwa au kuchokozwa kwa ghafla. Jipu la titi kwa mama anayenyonyesha hukuza usaha ndani ya siku chache, mwili ukipambana na vijidudu, na ngozi huwa nyekundu na ya moto. Zikikaribia siku za hedhi, homoni huzifanya tezi za maziwa zivimbe na kushika maji, ndiyo maana matiti yote mawili huwa mazito na kuuma hadi kwapani, kisha hedhi ikianza yanatulia. Saratani haina haraka hiyo. Mara nyingi huanzia kwenye seli zilizotanda ndani ya mirija ya maziwa, na huweza kuchukua miaka kabla ya kushikika kwa vidole. Ikikua polepole namna hiyo, neva hazishtuki.

Basi tuangalie nini, kama si maumivu? Simama mbele ya kioo, inua mikono yote miwili. Ndani ya titi kuna nyuzi zinazoishikilia ngozi. Uvimbe ukizivuta, ngozi hubonyea mahali pamoja, na kubonyea huko huonekana zaidi mikono ikiwa juu. Wakati mwingine saratani huziba mirija ya limfu (majimaji yanayotoka kwenye tishu za mwili), ngozi ikavimba na kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, chuchu kutoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe mgumu kwapani: lolote kati ya hayo lisisubiri. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache.

Kuna aina moja ya saratani ya titi inayokwenda kinyume na niliyosema. Titi huvimba haraka, likawa jekundu na la moto, hata likauma, na aghalabu hudhaniwa ni maambukizi. Ukipewa dawa za kuua bakteria na hali isibadilike, rudi kwa daktari, na useme wazi kwamba dawa hazikusaidia.

Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya titi, na watu 670,000 walifariki. Takriban nusu ya wanaougua hawana kihatarishi kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Kwa hiyo kusema "kwetu hakuna aliyewahi kuugua" si kinga hata kidogo.

Hospitalini daktari atakupapasa, atakupima kwa ultrasaundi au mamografia (eksirei ya titi), na ikibidi atachukua kinyama kidogo kwa sindano. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi huo ukamilike ndani ya siku 60. Sindano ndiyo inayoogopwa kuliko yote, kwa kudhani itaichokoza saratani isambae, na hofu hiyo imewachelewesha wengi mno. Inaniuma kweli, kwa sababu sindano hiyo ndiyo inayosema kwa uhakika uvimbe ni wa nini, na uvimbe mwingi wa titi si saratani.