Mitambo Miwili ya Simu, Leseni Ngapi?

Kosa linalokula pesa nyingi ni kudhani kwamba leseni ya kuunganisha mitambo ya simu ya ofisi mbili huhesabu watu. Meneja anajumlisha: Dar wako 30, Mwanza 10, basi tununue za watu 40. Muuzaji hatamsahihisha.

Leseni hiyo huhesabu mazungumzo yanayopita kati ya ofisi mbili kwa wakati mmoja. Wawili wa Dar wakipigiana humohumo jengoni, hawaigusi. Chukua IP500 V2, mtambo wa simu wa kampuni ya Avaya: leseni yake ya msingi ya kuunganisha ofisi, iitwayo Voice Networking, hufungua njia 4, yaani mazungumzo manne kwa wakati mmoja, na ukitaka zaidi unaongeza nne nne. Mtu wa tano akipiga wakati zote nne zimeshikwa, simu yake haipiti kwenye kiungo hicho, hata intaneti iwe na kasi kiasi gani.

Je, nne zinatosha watu 40? Mara nyingi, ndiyo. Mahesabu haya si ya kubahatisha. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kanuni yake ya kukadiria simu zitakazokosa njia mwaka 1917 na mainjinia wanaitumia hadi leo. Tuseme saa yenye shughuli nyingi kuliko zote ina simu 12 kati ya Dar na Mwanza, kila moja dakika 4. Hizo ni dakika 48 za maongezi ndani ya saa moja. Kwa njia 4, simu zitakazokosa nafasi hazifiki 1 kwa 100. Lakini simu zikiongezeka maradufu, zinazokosa haziishii maradufu: zinapanda hadi karibu 6 kwa 100, na hapo malalamiko yanaanza. Ongeza njia ziwe 8, na tatizo linatoweka kabisa. Hata 1 kwa 1,000 haifiki. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wako lihusu ile saa ya pilikapilika, siyo orodha ya wafanyakazi.

Wengine husema simu iliyowekwa kusubiri haihesabiwi. Inahesabiwa. Mteja anayesikilizishwa muziki kutoka ofisi ya pili ameshika njia yake vilevile. Simu iliyotoka Dar, ikafika Mwanza, kisha ikaelekezwa tena Dar, inaweza kushika njia mbili. Kama ujumbe wa sauti unahifadhiwa makao makuu tu, kila ujumbe anaoachiwa mtu wa tawini nao unapita humo. Wengi huyasahau haya wakati wa kukadiria, ndiyo maana hesabu nzuri ya karatasini hushindwa kazini.

“Makao makuu yamenunua, tawi litafaidi.” Hapana. Kwa IP500 V2, kila upande unahitaji leseni yake, na upande wenye njia chache ndio unaoamua. Ukiwa na 8 Dar na 4 Mwanza, una 4.

Tena leseni si uwezo wenyewe. Inaruhusu tu. Sauti inayotoka kwenye simu ya waya wa kawaida lazima igeuzwe kuwa data, na kazi hiyo hufanywa na vifaa vya ndani ya mtambo. Kadi moja ya mchanganyiko (combo) ya IP500 ina nafasi 10 za kazi hiyo. Halafu kuna intaneti: simu moja kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula takriban kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, ya G.729 kama 24, na ukipitisha kwenye VPN (mtandao wa faragha ndani ya intaneti) zinaongezeka.

Walio na Asterisk, programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, hujisifu kwamba wao hawana habari za leseni. Kwa njia za simu ni kweli, programu yenyewe ni huria. Hata hivyo G.729 ilikuwa ikilipiwa kwa kila njia hadi hataza zake zilipokwisha mwaka 2017, na seva na intaneti vina ukomo wake vilevile.

La mwisho ni kuazimana: tawi limefungwa, tuhamishie leseni zake Dar. Kwenye IP500 V2 leseni imefungwa kwenye namba ya kadi ya SD ya mtambo husika, hivyo kuinakili kwingine hakusaidii. Anayenunua mtambo wa mtumba aulize kwanza kama kadi yake halisi bado ipo.