Bab Zuweila, lango ambalo barabara ililizika

Kazi yangu ni kuhifadhi milango ya kale, na ninapoulizwa ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa katika lango la mji, jibu langu huanzia Bab Zuweila, lango la kusini la Kairo ya Wafatimi, nasaba ya Kiislamu iliyotawala Misri zamani.

Lilijengwa mwaka 1092 na waziri Badr al-Jamali, aliyezungushia mji ukuta wa mawe mahali pa ule wa zamani wa matofali ya udongo. Minara miwili tunayoiona juu yake ni ya karne ya 15: al-Mu'ayyad Shaykh, ambaye kabla ya kuwa sultani aliteseka katika gereza lililokuwa kando ya lango, aliweka nadhiri kwamba akiokoka atajenga msikiti mahali pale, na alipoitimiza akaisimamisha minara ya msikiti huo juu ya lango lenyewe. Mwaka 1517 Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, alinyongwa hapo.

Mimi huangalia zaidi chini. Mbao mbili za mlango, zilizovikwa chuma, hazina bawaba. Kama milango yetu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, huzunguka juu ya ncha zinazokaa ndani ya matundu, na kwa hiyo ardhi ikipanda mlango hukwama hata kama mbao ni nzima. Kairo imepanda karne baada ya karne kwa vifusi na udongo, mpaka miguu ya lango ikafukiwa. Ukarabati uliosimamiwa na American Research Center in Egypt kati ya 1998 na 2003 ulichimbua pia sehemu ya njia ya matale ya mteremko ambayo mwanahistoria wa kale al-Maqrizi aliieleza: iliwekwa ili farasi wa adui wateleze, kisha Sultani al-Kamil akaamuru iondolewe baada ya farasi wake mwenyewe kuteleza.

Kuna pia misumari. Watu wa mtaani waliokuwa na maradhi walikuwa wakipigilia hapo jino au kipande cha nguo, wakimwomba walii al-Mitwalli, ambaye Wakairo wameliita lango kwa jina lake. Fundi asiyejua angeing'oa misumari hiyo yote akidhani anasafisha, na ubao ungebaki laini, umefutwa maombi ya watu waliosimama pale na maumivu yao.