Spairo siyo mpira unaopinda

Nimelisikia tena juzi kwenye grupu letu la WhatsApp, jamaa kaweka klipu ya kotabeki, yule mrusha pasi wa futiboli ya Kimarekani, anarusha pasi ndefu, mwingine akajibu chini "cheki spairo hiyo, mpira umepinda mpaka basi". Hapana jamani, haukupinda.

Kwenye futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake ni mrefu wenye ncha mbili, spairo ni pasi ambayo mpira unajizungusha kwenye mhimili wake mrefu, yaani ule mstari wa kutoka ncha hii hadi ncha ile, huku ncha moja ikitangulia. Maana yake ni hiyo tu.

Shida inaanzia kwenye jina. Neno limetoka Kilatini, spira, na Warumi nao walilichukua kwa Wagiriki, speira, kitu kilichoviringwa, kama kamba au nyoka aliyejikunja. Ndo maana dawa ya mbu ya kuchoma, ile inayojiviringa kuelekea katikati, ni spairo halali kabisa, na mtu mwenye picha hiyo kichwani akisikia "pasi ya spairo" lazima afikirie mpira unapita njia ya kona kona. Lakini kinachojiviringa siyo njia. Weka nukta ya rangi ubavuni mwa mpira, urushe, ifuate kwa macho: nukta ndiyo inachora umbo, na umbo lenyewe linafanana zaidi na nyuzi za parafujo. Mpira wenyewe unapanda na kushuka kama jiwe lililorushwa. Ingekuwa mimi ndiye niliyeulizwa ningeiita pasi ya pia, ile ya watoto ya kuzungusha chini, kwa sababu pia ikikolea kuzunguka unaiona kama imesimama tuli, na spairo safi iko hivyohivyo, ncha haitikisiki. Wakenya wa raga wanaijua vizuri, wao wanaipiga kwa mikono miwili.

Kinachopinda ni kitu kingine. Kumbuka friikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, ule mpira ulizungukia ubavu, mhimili wake ukakatiza njia, hewa ikausukuma pembeni. Kwenye spairo mhimili umelala sambamba na njia, hewa haipati pa kuushika namna ile. Ni kweli spairo ya mtu wa mkono wa kulia ikienda mbali inahama kidogo upande wa kulia, kwa sababu ncha inaelekea kidogo huko, ila usiifananishe na ule wa Carlos.

Nakomaa na hili kwa sababu wanaojifunza wanaharibikia hapahapa. Huku Ohio nimemwangalia mtoto wa jirani jioni nzima anasokota kifundo cha mkono kama anafungua chupa ya soda, kisa kaambiwa "upe spairo", na kila mpira unatoka unapepesuka. Mzunguko hautoki kwenye kifundo. Kidole cha pete na cha mwisho vinakaa juu ya zile kamba nyeupe zilizoshonwa ubavuni mwa mpira, kidole cha shahada kinasogea karibu na ncha ya nyuma, kati ya kiganja na mpira unaacha nafasi ya kupitisha mwanga, unapiga hatua kwa mguu wa upande wa pili, kiuno kinageuka kwanza mkono unafuata, halafu vidole vinateleza ubavuni mwa mpira na shahada ndiyo inaachia mwisho kabisa. Dole gumba linaishia limeangalia chini, kuelekea mfuko wa suruali wa upande wa pili. Wa kulipwa wanafikisha kama mizunguko 600 kwa dakika kwa namna hiyohiyo, kwa vidole.

Kwa hiyo ndugu yangu wa grupu, pasi uliyoweka ni nzuri mno na spairo ni spairo kweli, angalia tu tena pale kamera iko nyuma yake, utaona mpira umenyooka njia nzima na kilichokuwa kinazunguka ni zile kamba nyeupe.