Je, wajua ni nini hasa kinacholishikisha tairi kwenye lami iliyolowa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tairi huishika lami ya mvua kwa kashata zake, ile michoro ya juu, kama paka anavyoshika gome la mti kwa kucha. Sivyo. Kazi ya kashata ni kuyapa maji njia ya kutokea, na si kazi ndogo: tairi kipara likiingia kwenye dimbwi kwa kasi huelea juu ya maji, na usukani hauna la kufanya. Lakini maji yakishatoka, kinachoshika ni mpira wenyewe. Magari ya Formula 1 hukimbia kwenye lami kavu kwa matairi yasiyo na kashata hata moja. Na tairi lililokaa miaka mingi hadi mpira ukakakamaa laweza kuwa na kashata nene, ukaridhika nalo kwa macho, kumbe linateleza.

Ugumu wa kutengeneza mpira huo ni kwamba tunautaka ushike, usiliwe upesi, na usimalize mafuta. Ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Hebu fikiria bakuli la tambi. Ukivuta uzi mmoja polepole, unatoka bila taabu. Ukiuchomoa kwa ghafla, unakwamana na zenzake. Mpira nao ni nyuzi ndefu zilizosokotana. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi huzunguka mara 14 hivi kwa sekunde, na kila sehemu yake hubonyea mara moja kwa mzunguko. Kwa nyuzi hizo, huo ni mvuto wa polepole. Ukikanyaga breki, mpira huburuzwa juu ya vinundu vya kokoto na kutikiswa maelfu, hata mamilioni ya mara kwa sekunde. Hapo nyuzi hukwamana, nguvu ya mwendo inageuka joto, na gari linapungua kasi. Kwa hiyo mpira uleule unaweza kuwa mwepesi kwenye kuviringika na mzito kwenye breki, mradi uchanganywe kwa akili.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mpira uliimarishwa kwa masizi ya kaboni, ndiyo maana matairi ni meusi. Chembe za masizi hushikana madonge kama uji uliokorogwa vibaya. Kila mzunguko huyavunja, yanajiunga tena, na mafuta yanapotea hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michelin walileta tairi la silika, unga mweupe wa asili moja na mchanga. Silika na mpira havipatani, kwa hiyo huwekewa mshenga aitwaye sileni: ncha moja hushika silika, nyingine hushika mpira kwa salfa. Madonge hupungua. Kwamba kuviringika kunakuwa rahisi ni jambo lililothibitika. Kwa nini silika hushika vizuri hata penye maji, wataalamu bado wanabishana.

Malori mengi yamebaki na masizi, kwa sababu mpira wa asili unaotumika humo una protini zinazoingilia kazi ya sileni. Silika nayo haipitishi umeme, gari lingeweza kujaa chaji. Hivyo katikati ya matairi mengi ya silika hupitishwa utepe mwembamba wa mpira wenye masizi, kuupeleka umeme huo ardhini.