Je, nyimbo za ujana wetu zilikuwa bora zaidi?

Wengi huamini kuwa nyimbo za pop za viangazi vya ujana wao zilikuwa bora kuliko za leo. Hisia hiyo ni ya kweli kabisa, ila chanzo chake ni kingine. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kuwa watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa takribani miaka 10 hadi 30, na muziki wa wakati huo huganda nayo: kiitikio kikianza tu, unahisi tena mchanga wa moto nyayoni. Isitoshe, nyimbo dhaifu za enzi hizo zimeshasahaulika. Ukitaka kuhakikisha, tafuta orodha nzima ya nyimbo zilizovuma ulipokuwa na miaka 16, uzisikilize zote. Kisha mwombe aliyekuzidi miaka 20 akutajie zake.