Kumuuguza mzee mwenye demensia: maswali ya wanaobaki naye nyumbani

Mama amesahau hata majina yetu. Je, si uzee tu?

Uzee peke yake haumsahaulishi mtu jina la mwana aliyemzaa. Hali hii ni demensia, nayo hutokana na maradhi yanayoharibu ubongo, hasa ugonjwa wa Alzheimer na kiharusi. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wakiwa nayo, kwa hiyo msimtafute mchawi. Hata hivyo, kama amebadilika ghafla mpelekeni hospitali upesi, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini huweza kuichanganya akili ya mzee, na hayo yanatibika.

Kila jioni anadai kurudi kwao, ilhali yumo nyumbani kwake. Nimjibuje?

Usibishane naye. Huko anakokutaja mara nyingi ni alikokulia, na ukimwambia kwamba mama yake alikwisha fariki, anafiwa upya kila unapolisema. Muulize huko walilima nini. Washa taa kabla giza halijaingia, kisha mpe khanga azikunje, hata kama ni zilezile alizozikunja asubuhi.

Nimechoka, na siku nyingine natamani yaishe. Je, mimi ni mwana mbaya?

Hapana. Unamlilia mtu ambaye bado yu hai, na majonzi hayo hayana turubai wala rambirambi. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo desturi yetu inapopungukiwa: mzee akifariki, jikoni hujaa wanawake na mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana hufungua daftari, lakini binti aliyefua mashuka ya mkojo miaka mingi hakupata hata jirani wa kumshikia zamu aende sokoni. Daftari hilohilo laweza kuandikwa zamu wakati mgonjwa angali hai: nani atakaa na bibi Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 7, nani ataleta sabuni, nani atalala naye usiku mmoja ili binti apate usingizi. Nawe ukiulizwa "tukusaidie nini?", usijibu "tuombeeni" peke yake, taja siku na saa.

Amekataa kula. Tumlazimishe?

Msimlazimishe. Mwili unaokaribia mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na uji anaonyweshwa mtu aliyelala chali huweza kuingia mapafuni. Akiwa bado anameza, mkalisheni wima mkampe kijiko kidogo kidogo. Akishindwa, mlowesheni midomo kwa kitambaa safi. Akikunja uso au kugumia anapogeuzwa, huenda ana maumivu asiyoweza kuyasema. Ulizeni hospitalini kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambayo si ya wagonjwa wa saratani pekee, na msiiogope mofini ya maji, kwa sababu ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu hutuliza maumivu, haimwui mgonjwa.

Matanga yameanuliwa. Aliyemuuguza anahitaji nini tena?

Amepoteza mtu na kazi yake ya kila siku kwa pamoja, ndiyo maana huamka saa 9 usiku akidhani ameitwa. Wageni wa msibani warudi baada ya arobaini, wakae naye, wamwache amtaje marehemu. Miezi ikipita naye hali wala halali, msindikizeni kituo cha afya. Akisema anataka kumfuata marehemu, mpelekeni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.