Sindano kwa mama, kinga kwa mtoto

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ya wajawazito ni hili: "Daktari, hiyo sindano haitamdhuru mtoto?" Hujibu kwamba mara nyingi sindano yenyewe ni ya mtoto, wewe ni wa kuifikisha tu.

Chukua kifaduro. Chanjo ya mtoto huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na ugonjwa huo humwelemea zaidi kabla hajafika hapo. Anayeziba pengo hilo ni mama. Ukichanjwa, mwili wako hutengeneza kingamwili ndani ya takriban wiki 2, nazo hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana Marekani huitoa kati ya wiki ya 27 na ya 36, tena kila mimba, kwani kingamwili za mimba iliyopita huwa zimeshapungua.

Pepopunda ndiyo inayoninyima usingizi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, vikaingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu visivyo safi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza anashindwa ghafla: taya zimekaza, mgongo unapinda, akiguswa tu anakakamaa. Mama ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji dozi mbili zinazopishana angalau wiki 4, ya pili iwe imetangulia uzazi kwa wiki 2 au zaidi. Njoo na kadi yako hata kama imechakaa, ndiyo inayoniambia umebakiza dozi ngapi. Na eti sindano hiyo inafunga kizazi? Ninaowachoma ndio hao hao wanaorudi na mimba nyingine.

Chanjo ya homa ya mafua hutolewa mwezi wowote wa ujauzito, na hiyo humlinda hata mama mwenyewe.

Tusizotoa ni zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela au ya tetekuwanga. Hizo zichomwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, au baada ya kujifungua. Ukiwa ulichomwa bila kujua una mimba, tueleze. Hiyo si sababu ya kutoa mimba.

Mkono utauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo; parasetamoli inatosha. Ila kama chanjo iliwahi kukuletea mzio mkali, sema kabla sijavuta dawa kwenye bomba.